Bibi aliyenunua mashamba ya makabaila: jibu kwa msomaji wa Magarini

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Magarini, kaunti ya Kilifi. Nimezaliwa na kulelewa kwenye shamba ambalo babu yangu ndiye aliyelipanda minazi, lakini kwenye karatasi ni la mtu ambaye hatujawahi kumwona. Tunaitwa maskwota. Kaka zangu wanasema mwenye nguvu mpishe, na kama hatutaki kumpisha basi tushike panga. Juzi nimesoma habari za bibi mmoja wa India, Krishnammal Jagannathan, kwamba amewapatia watu maskini maelfu ya ekari bila kumrushia mtu hata jiwe. Je, ni kweli, au ni hadithi za watu wa tuzo? Na kama ni kweli, alifanyaje hasa? Maana sidhani wenye mashamba wa huko wana huruma kuliko wa hapa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Hadi kufikia mwaka 2007, shirika lililoanzishwa na Krishnammal na mumewe lilikuwa limehamisha kiasi cha ekari 13,000 kutoka kwa makabaila kwenda kwa familia zipatazo 13,000 za vibarua wa mashamba, takriban ekari moja kwa kila familia, kwa hati halali. Tuzo unazozisikia, ile ya Right Livelihood aliyoipata pamoja na mumewe mwaka 2008 na nishani ya Padma Bhushan ya serikali ya India mwaka 2020, zilikuja baada ya kazi, tena nyingine zilimkuta ameshavuka miaka 90.

Ila neno "amewapatia" linaficha jambo kubwa. Hapana aliyepewa kitu. Ardhi ile ilinunuliwa kwa mikopo, baada ya miaka ya kutembea kwa miguu, kuketi mbele ya milango ya wakubwa, kulala jela na kubishana bei hadi koo likauke. Nitalieleza hilo kwa urefu, kwa sababu kaka zako wanastahili jibu la kweli na hawastahili mahubiri. Kijana aliyekulia kwenye shamba lisilo lake ana haki ya kukasirika.

Krishnammal alizaliwa tarehe 16 Juni 1926, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India. Familia yao ilikuwa ya Dalit, tabaka ambalo kwa mila za huko mtu akiguswa nalo alijiona amenajisika. Hawakuwa na ardhi. Mama yake alikuwa kibarua wa mashamba, na binti alimwona akiinama kwenye matope ya mpunga hata akiwa na mimba kubwa. Naamini kila alichokifanya baadaye kilianzia hapo. Alibahatika kusomeshwa na watu wa harakati za Gandhi hadi akafika chuo kikuu, jambo ambalo kwa msichana wa Dalit wa zama zile lilikuwa karibu na muujiza. Huko kwenye harakati akakutana na Sankaralingam Jagannathan, kijana wa familia yenye mali aliyeacha chuo mwaka 1930 kuitikia wito wa Gandhi na ambaye Waingereza walimfunga miaka mitatu na zaidi. Walikuwa wameapa kwamba hawataoana mpaka India iwe huru. Wakaoana mwaka 1950, mtoto wa tajiri na binti wa asiyeguswa.

Wakati huo India ilikuwa na bendera yake, lakini aliyelima hakuwa na shamba na mwenye shamba hakuwa akilima. Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili unayepaswa kumjua, Vinoba Bhave, mwanafunzi wa Gandhi. Mwezi Aprili 1951 Vinoba alifika kijiji cha Pochampally, eneo la Telangana, ambako kwa miaka kadhaa wakulima chini ya wakomunisti walikuwa wameshika silaha dhidi ya makabaila. Familia 40 za Dalit zikamwambia zinahitaji ekari 80 ili ziweze kuishi. Vinoba hakuwa na hata moja. Akauliza mbele ya mkutano kama yupo wa kuwasaidia, na mwenye shamba mmoja, Ramachandra Reddy, akasimama akasema atatoa ekari 100. Kutoka siku hiyo Vinoba akawa mwombaji. Alitembea India nzima kwa miguu zaidi ya miaka 13, akimwambia kila mwenye mali: kama una watoto watano wa kiume, nihesabu mimi wa sita, unipe fungu langu nikawape maskini. Harakati hiyo iliitwa Bhoodan, maana yake sadaka ya ardhi.

Jagannathan alitembea naye huko kaskazini, kisha akarudi kuianzisha Tamil Nadu, na Krishnammal alipomaliza mafunzo ya ualimu akaingia naye barabarani. Kijiji hadi kijiji, mwaka baada ya mwaka.

Sasa nakuomba usikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaosimulia habari hizi hukimbilia kwenye sifa. Bhoodan iliahidiwa zaidi ya ekari milioni 4. Vinoba alikuwa amelenga milioni 50. Na hata katika zile zilizoahidiwa, sehemu kubwa haikuwahi kumfikia mlimaji. Nyingine ilikuwa mawe matupu. Nyingine ilikuwa na kesi mahakamani, na mwenye nayo aliitoa ili kesi imfuate mwingine. Nyingine iliahidiwa kwa mdomo mbele ya umati, machozi yakatoka, picha zikapigwa, na mzee alipokufa watoto wake wakasema hatujui lolote. Mahali pengi hapakuwa na mtu wa kubaki nyuma apime, aandikishe, atafute ng'ombe wa kulimia na mbegu za msimu wa kwanza. Vinoba alikuwa amekwisha kwenda kijiji kinachofuata.

Nami naona lazima tukiri jambo jingine ambalo kaka zako watalipenda. Sadaka ile ya kwanza ilitolewa Telangana, mahali ambapo makabaila walikuwa wameona bunduki. Tukisema ni upole wa Vinoba peke yake uliomfungua mkono tajiri, tutakuwa tunadanganya. Hofu ilikuwepo chumbani, na Vinoba aliwapa wenye mali mlango wa kutokea kwa heshima.

Ila waulize kaka zako bunduki zenyewe ziliishia wapi. Serikali ilipeleka jeshi, wakulima wakafa kwa maelfu, na mwishoni mwa mwaka 1951 uasi ukasitishwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, vibarua wa Tamil Nadu walikuwa bado hawana ardhi, pamoja na sheria ya jimbo ya mwaka 1961 iliyoweka kikomo cha ekari 30 na kisha, mwaka 1970, ekari 15. Wakubwa waligawa mashamba kwenye karatasi kwa majina ya shangazi, watumishi, wakfu na mahekalu, wakaendelea kuvuna wenyewe. Je, si unaijua mbinu hiyo? Hata hapa kwetu shamba moja lina majina kumi na mvunaji mmoja.

Kilichombadilisha Krishnammal ni usiku wa Krismasi wa mwaka 1968. Katika kijiji cha Kilvenmani, eneo la mpunga la Thanjavur Mashariki, vibarua wa Dalit walikuwa wamejiunga na chama cha wafanyakazi na walikuwa wakidai nyongeza ya ujira, ujira wenyewe ukiwa ni vipimo vya mpunga. Watu wa makabaila wakavamia. Waliokuwa dhaifu wasioweza kukimbia wakajificha ndani ya kibanda kimoja. Kibanda kikafungwa, kikachomwa moto. Walikufa watu 44, wengi wao wanawake na watoto. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Madras, wenye mashamba waliachiwa, na miongoni mwa hoja za mahakama ni kwamba ni vigumu kuamini watu matajiri namna ile, wenye magari, wangetembea kwa miguu yao wenyewe kwenda kuchoma vibanda. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi na kila mara najikuta nimenyamaza kwanza kabla ya kuendelea.

Krishnammal na mumewe hawakutoa tamko wakarudi nyumbani. Walihamia huko. Walikwenda kuishi kati ya waliofiwa, katika eneo lenye mpunga mzuri kuliko yote Tamil Nadu na dhuluma mbaya kuliko zote. Na hapo ndipo mbinu ikageuka. Kwa miaka 15 walikuwa wameomba. Sasa wakaanza kudai kwa kuzuia, ile ambayo Gandhi aliiita satyagraha, yaani kuishikilia kweli na kukubali kuumia kwa ajili yake bila kumuumiza mwingine. Walifichua ardhi za mahekalu zilizokuwa zimekaliwa na wakubwa wachache kwa kodi ya kuchekesha, wakauliza hadharani ni nani hasa anayelima na ni nani anayevuna. Wanawake waliketi mashambani. Watu wakafunga kula. Wakapelekwa jela, wakatoka, wakaketi tena. Mashamba mengine yakaachiwa kwa njia hiyo.

Lakini mambo yalikwenda polepole, na Krishnammal alikuwa mama wa vitendo. Akaona kitu ambacho wanaharakati wengi hawakutaka kukiona, kwamba miongoni mwa makabaila walikuwamo waliochoka. Watoto wao walikuwa wamesoma wakahamia mijini. Migomo ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa imeufanya msimu wa mavuno kuwa vita. Wengine walikuwa na madeni. Wangeuza, lakini nani angenunua shamba lenye vibarua wenye hasira ndani yake? Wanunuzi pekee wenye sababu ya kulitaka ni hao hao vibarua, na hao hawakuwa na hata rupia.

Mwaka 1981 wakaanzisha LAFTI, shirika ambalo jina lake kwa Kiswahili ningelisema Ardhi kwa Uhuru wa Wakulima. Kazi yake ilikuwa kama ya mshenga. Inamkalisha mwenye shamba upande mmoja na familia zinazolilima upande wa pili, bei inajadiliwa hadharani mpaka iwe ya haki, kisha LAFTI inakwenda benki kuomba mkopo kwa niaba ya familia zote kwa pamoja. Shamba linakatwa ekari moja moja. Familia zinalima kwa kushirikiana, zinalipa deni kwa mavuno, na deni likiisha ekari inakuwa huru.

Ukilisema hivi linaonekana jepesi. Benki zilikataa. Nani amkopeshe mtu asiye na dhamana, wa tabaka ambalo karani hataki hata kupokea kikombe mkononi mwake? Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ulikuwa mkubwa kiasi cha kuua mpango wote kabla haujaanza, kwa hiyo ikabidi serikali ibembelezwe na kusukumwa kuhusu ushuru nao. Krishnammal alikuwa anashinda kwenye viti vya ofisi za watu kama alivyokuwa anashinda mashambani. Baadaye zikapatikana pia fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya maendeleo ya Dalit. Nakwambia haya ya stempu na makarani kwa makusudi. Picha za watu walioketi barabarani ndizo tunazozikumbuka, ila nusu ya ushindi ule ulipatikana kwenye foleni ya ofisi ya ardhi.

Na hati ziliandikwa kwa majina ya wanawake. Hili kwangu ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya. Mume akibanwa na deni, au pombe, au rafiki mwenye maneno matamu, ekari inaweza kuondoka jioni moja. Mwanamke aliyekuwa analima akiwa na mtoto tumboni ataikalia ekari ile mpaka atoke roho. Mbali na Tamil Nadu, kule Bodh Gaya katika jimbo la Bihar, wanawake waliopambana na hekalu lililohodhi maelfu ya ekari walidai jambo hilo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao wakapata hati kwa majina yao wenyewe. Mwanangu, hapo kwenu, kama siku moja zitatolewa hati, uliza tangu mapema zitaandikwa jina la nani. Usingoje siku ya sherehe.

LAFTI haikuishia kwenye hati. Mpunga una msimu wake, na msimu ukiisha njaa inarudi na mkopeshaji wa riba anakuja nyuma yake. Kwa hiyo wakafungua karakana: kusuka mikeka, kushona, useremala, uashi. Wakaanza pia kujenga nyumba za matofali kwa watu ambao kila mvua za masika ya huko ziliwabomolea vibanda vya udongo na makuti. Ekari iliyotelekezwa huuzwa tena, na hilo walijifunza kutoka kwenye kilio cha Bhoodan.

Ikafika miaka ya 1990, wakati mama huyu anakaribia miaka 70 na mumewe amepita 75, adui akabadilika sura. Yule wa zamani alikuwa kabaila unayemjua kwa jina, unajua mlango wake, unaweza kwenda kuketi mbele yake. Mpya alikuwa kampuni. Kampuni za ufugaji wa kamba zilinunua mashamba ya pwani ya Nagapattinam, katika eneo lile lile la Thanjavur Mashariki, zikayachimba mabwawa, zikaingiza maji ya bahari na dawa. Chumvi ikapenya ardhini. Visima vya kunywa vikaharibika, mashamba ya mpunga ya jirani yakafa, na mashamba ya kamba yenyewe, ambayo hayahitaji watu wengi, hayakuwaajiri waliofukuzwa. Bwawa likishaugua, kampuni inahamia lingine na kuacha jangwa la chumvi nyuma yake.

Waliketi tena, wakatembea tena, wakafunga tena, na mara hii walipigwa na watu wa kukodiwa. Jagannathan akafungua shauri la maslahi ya umma katika Mahakama ya Juu ya India. Wataalamu wa mazingira wakatumwa pwani kupima, vipimo vikathibitisha kilio cha wanavijiji, na tarehe 11 Desemba 1996 mahakama ikatoa hukumu kubwa: mabwawa ya kibiashara yaliyo ndani ya eneo la hifadhi ya pwani, mita 500 kutoka baharini, yabomolewe ifikapo mwisho wa Machi 1997, mchafuzi alipe gharama za uharibifu, na wafanyakazi watakaopoteza kazi walipwe fidia ya ujira wa miaka sita.

Natamani ningekwambia mabwawa yalibomolewa. Kampuni ziliomba marejeo, ubomoaji ukasimamishwa, na mwaka 2005 bunge likapitisha sheria iliyoyapa mashamba ya kamba njia ya kuendelea kihalali. Kati ya hapo, tarehe 26 Desemba 2004, tsunami iliipiga Nagapattinam kuliko wilaya nyingine yoyote ya India bara, ikaua watu zaidi ya 6,000. Wazee wale wawili, mmoja akiwa na karibu miaka 90, wakajikuta wanaanza tena na wajane na mayatima. Jagannathan alifariki tarehe 12 Februari 2013, na suala la kamba halijamalizika.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hili la kamba si la mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipangwa mradi mkubwa mno wa mabwawa ya kamba kwenye delta ya Rufiji, Tanzania, katikati ya mikoko na mashamba ya wananchi. Wanavijiji walipinga, wanasheria wa mazingira wakasimama nao mahakamani, na mradi ule haukujengwa. Nalitaja ili usidhani kwamba kushinda kwa njia hii ni jambo la Wahindi na Gandhi wao.

Sasa nirudi kwenye swali lako lenyewe, kuhusu huruma. Una haki kabisa: makabaila wa Thanjavur hawakuwa na huruma. Waliochoma kibanda chenye watoto ndani utawatarajia huruma gani? Na kutoshika silaha hakumkingi mtu, kwani waliokufa Kilvenmani hawakuwa wamemfuata mtu kwa bunduki. Mbinu ya Krishnammal ilifanya kazi kwa sababu nyingine tatu ninazoziona mimi. Alifanya kuendelea kulishikilia shamba kuwe na gharama kubwa kuliko kuliachia: aibu, kesi, mavuno yasiyovunwa. Alimpa mwenye shamba mahali pa kutokea bila kudhalilika, kwa bei inayokubalika. Na aliwanyima wenye mamlaka kisingizio. Siku kibarua anaposhika panga, habari inaacha kuwa ya ardhi na inakuwa ya panga; polisi hawaulizi tena hati ilipatikanaje.

Niwe mkweli pia kuhusu mipaka yake. Ekari 13,000 ni nyingi kwa familia 13,000, lakini Tamil Nadu ina mamilioni ya watu wasio na ardhi. Ekari moja haimtajirishi mtu. Na wapo wakosoaji, wengine rafiki zangu, wanaosema kumlipisha maskini ardhi ambayo mababu zake ndio walioilima ni kumdhulumu mara ya pili. Mimi hoja hiyo inaniuma kwa sababu ni ya kweli. Hata hivyo ningependa umuulize mwanamke mwenye hati sandukuni kama angerudisha ili angojee haki iliyo kamili. Mgala muue na haki yake mpe, wanasema wazee, lakini huyu alikuwa amengoja vizazi vingapi?

Kwenu Kilifi shina la tatizo ni tofauti, na ni lazima ulijue kabla hujafuata mfano wa mtu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili 10 wa pwani waje kusajili madai yao. Waliojua karatasi, au waliokuwa na mtu wa kuwasemea, walisajili. Wamijikenda wengi hawakusajili kitu, kwa kuwa ardhi kwao haikuwa ya mtu mmoja na ushahidi wao ulikuwa minazi, makaburi na kaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu. Ardhi isiyosajiliwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Ndiyo maana leo kuna shamba lenye mwenye hati asiyeonekana, na kuna shamba jirani ambalo kwa kweli ni la umma. Njia za kudai haya mawili hazifanani hata kidogo.

Kama ni la mtu binafsi, sheria ya Kenya inampa aliyekaa humo miaka 12 mfululizo, hadharani, bila ruhusa ya mwenye hati na bila kutumia nguvu, nafasi ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba atambuliwe kuwa mmiliki. Yasome tena masharti hayo na kaka zako, hasa la mwisho. Panga litawanyang'anya hoja iliyo mikononi mwao tayari. Na kuna mtego mwingine: kama familia imekuwa ikilipa ijara kwa wakala wa mwenye shamba, hata shilingi 50 kwa mwaka, mahakama inaweza kusema mlikaa kwa ruhusa. Uliza wazee kama kuna aliyewahi kulipa, na kama kuna risiti. Kwa ardhi ya umma, njia hiyo ya miaka 12 haipo kabisa, na hapo ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi na mipango ya makazi ya serikali mnayopaswa kuisukuma.

Hata kununua kwa mtindo wa LAFTI si ndoto kwenu. Kule Likoni serikali ilinunua shamba la ekari 930 lililokuwa na mgogoro wa miaka mingi, na mwaka 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati. Palikuwa na manung'uniko mengi juu ya bei na nani alipe, ndiyo maana nasisitiza bei ijadiliwe mbele ya watu, kama alivyofanya Krishnammal, na isipangwe Nairobi kisha mletewe.

Kwa hiyo kabla ya maandamano, na kabla ya wakili, naomba mfanye mambo mawili. Nendeni afisi ya usajili wa ardhi, watu watatu au wanne pamoja, mlipie kupekua rejista, mjue namba ya shamba, jina lililoandikwa na kama kuna rehani ya benki juu yake. Mara nyingi mtu msiyemwona ni kampuni iliyokufa, au mzee aliyefariki ambaye warithi wake wangependa kuuza leo. Pili, tengenezeni daftari la kila nyumba: nani anakaa, tangu mwaka gani, kaburi la nani liko wapi, kisima nani alikichimba. Liandikwe na wasichana kama wewe mliosoma, na kila mama mwenye nyumba aweke sahihi au dole gumba. Kaka zako wapeni kazi ya kupima na kuchora mipaka. Wana nguvu, na jua la Magarini linawahitaji.

Nyanyako, kama bado yupo, anakumbuka nani alipanda mnazi upi na ilikuwa mvua za mwaka gani. Anza naye. Ukishaipata namba ya shamba, niandikie tena, tuone ni mlango upi wa kubisha kwanza.